Spika Zilizomficha Yusuf

Vijana wa Garissa wakinikuta mbele ya maduka ya elektroniki, nao hunikuta hapo mara nyingi kwa sababu sijui kukaa nyumbani, huniuliza swali lile lile: "Adeer, amplifaya gani iko nzuri?" Wananiita ami yao kwa heshima, lakini wanachotaka ni jina la kampuni na idadi ya wati. Mimi huwauliza nani atasikiliza, na atakaa wapi. Wanacheka. Wanadhani jua limenipiga sana kwenye mapaa ya watu.

Swali hilo sikulipata kitabuni. Nililipata Elwak, kule mpakani, baada ya mama mmoja mzee kukataa chakula kwa sababu ya waya nilizofunga kwa mikono yangu, kisha nikapanda lori nikaenda zangu.

Niliacha shule darasa la sita. Baba alikuwa dereva wa lori, mtu wa Wajir, na mama yangu ni Mpokomo wa mtoni, kwa hivyo nyumbani tulizungumza Kiswahili ili wote wawili wasikasirike. Nilipanda lori la baba siku moja kusindikiza mzigo wa sukari, na shule sikurudi. Nimefanya kazi ya kufunga dishi, sola, televisheni na spika kutoka Ijara mpaka mpakani, na hakuna mji niliolala siku kumi mfululizo nikiwa na afya. Nilikuwa nikimaliza skrubu ya mwisho, miguu tayari iko barabarani. Sasa goti moja limekataa ngazi, nimeambiwa nipumzike. Ninaandika haya nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya friji.

Basi tuanze na amplifaya, kwa kuwa ndiyo mnayoitaka.

Aliyenifundisha ni Kassim, fundi wa redio na vipaza sauti, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Nilipomwuliza jinsi ya kuchagua amplifaya alinifunga macho kwa kitambaa, akaniwekea mbili mezani. "Inua," akasema. Moja ilikuwa nyepesi kama katoni ya biskuti. Ya pili ilinivuta mabega.

"Ipi?"

"Hii nzito."

"Umemaliza shule. Ndani ya hiyo nzito kuna transfoma ya kweli. Ile nyingine ndani kuna hewa na taa za rangi."

Siku hizi zipo amplifaya nyepesi zilizo nzuri, mbinu zimebadilika, lakini kwa bei za wengi wenu kipimo cha Kassim bado kinafanya kazi. Wati zilizoandikwa kwenye katoni msizisome kabisa. Nimewahi kuitwa Kotile kwa mtu mwenye duka aliyenunua mashine iliyoandikwa wati elfu kumi, na umeme wake wote ulikuwa paneli mbili za sola na betri mbili. Alikuwa amekasirika kwa sababu mpira ulifika dakika ya ishirini tu, kila kitu kikazima.

"Hizi wati elfu kumi zimeenda wapi?" akaniuliza.

"Ziko kwenye katoni," nikamwambia. "Washa katoni."

Hakucheka siku hiyo, alicheka mwaka uliofuata. Nilimbadilishia spika, si amplifaya. Kuna spika zinazohitaji kusukumwa kama punda mgonjwa, na kuna zinazopaza sauti kwa nguvu kidogo. Nyuma ya spika au kwenye karatasi yake tafuta desibeli: tisini kwenda juu, hizo ndizo za mtu wa betri. Zenye themanini na nne waachie watu wenye stima ya kudumu. Kisha tazama omu, kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Amplifaya ikisema nane, usiipe spika za nne ukidhani ni sawa tu, itapata homa. Na joto letu hili ni homa tayari.

Kuhusu joto, mmoja wa wateja wangu hapa hapa Garissa alinichosha. Amplifaya yake ilikuwa inakufa kila alasiri. Nikabadilisha fyuzi mara tatu, nikabadilisha feni, nikalaumu stima. Siku ya nne nilifika bila kupiga simu, nikaikuta imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kizuri sana, na maua ya plastiki juu yake. Mke wake alikuwa akikitoa kila aliposikia fundi anakuja, kwa adabu, ili nisipate shida ya kukitoa mwenyewe. Basi ulizeni kuhusu kitambaa. Acheni nafasi ya shubiri moja juu ya mashine, na mtu asiweke kitu hapo, hata kama ni kizuri.

Mtauliza spika za nini wakati televisheni za HD zina sauti zake. Tazameni televisheni hizo. Zamani televisheni ilikuwa sanduku, ndani yake spika ilikuwa na nyumba. Sasa ni bapa kama sinia, spika zake ni ndogo na zimeelekezwa chini au ukutani. Picha inakuonyesha jasho shingoni mwa mchezaji, lakini mtangazaji anasikika kama yuko ndani ya debe. Ndiyo maana watu wanatafuta seti ya tano na moja: mbili mbele kushoto na kulia, moja ya kati chini ya televisheni, mbili nyuma ya wasikilizaji, na wufa ya kutetemesha sakafu. Chukueni amplifaya yenye matundu ya HDMI, king'amuzi kiingie humo, kisha waya mmoja uende kwenye televisheni. Mkiona midomo inachelewa na neno limeshatoka, msimpigie kelele mwenye king'amuzi. Picha za HD hupikwa ndani ya televisheni kabla hazijaonyeshwa, na sauti haisubiri. Kwenye amplifaya kuna mahali pa kuichelewesha sauti. Mimi nilikaa miaka miwili sijui, nikiwaambia wateja kwamba ni setilaiti iko mbali.

Na msipime urefu wa spika kwa makochi ya picha zilizo kwenye katoni. Watu wetu wanakaa chini, kwenye magodoro yaliyozunguka ukuta, wameegemea mito. Masikio yao yako chini kuliko meza. Nilitundika spika juu karibu na dari nyumba nyingi kabla ya kuketi mimi mwenyewe na kugundua kwamba sauti inawapita juu ya vichwa na kwenda kuongea na pazia.

Sasa Elwak.

Aliyeniita anaitwa Bare, mfanyabiashara wa ngamia, mtu mpole mwenye simu tatu. Wiki ile simu zote tatu zilikuwa bure kwa sababu mlingoti wa mtandao ulikuwa umeangushwa, na mji mzima ulikuwa hauwezi kupiga wala kupokea. Ndugu yake mdogo, Yusuf, yuko Marekani. Aliondoka akiwa na miaka kumi na saba, na tangu hapo mama yao alimjua kwa simu tu. Yusuf alikuwa ameoa huko, na video ya nikaha ikaletwa kwa mkono na msafiri, ndani ya flashi ndogo. Bare alinunua televisheni kubwa na seti ya tano na moja kwa ajili ya siku hiyo. Ukoo wote ungekuja kutazama.

Mama yao sote tulimwita Ayeeyo, nyanya. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alitofautisha mlango na ukuta na si zaidi. Bare alinieleza wazi: "Fundi, hii televisheni si ya mama. Mama anataka sikio tu. Anataka kusikia Yusuf akisema nimekubali."

Wanaume wangekaa chumba cha televisheni. Wanawake, na Ayeeyo kati yao, wangekaa chumba cha pili, nyuma ya pazia, na zamu yao ya kutazama picha ingekuja wageni wakishaondoka. Hapo ndipo nilipojiona nina akili. Nilisema, kwa nini spika mbili za nyuma zikae nyuma ya wanaume wanaosikia tayari? Nikavuta waya kupitia juu ya mlango, nikazifunga chumba cha wanawake kikiwa bado kitupu, moja kona hii, moja kona ile. Kazi safi, waya haionekani. Bare alifurahi. Mimi nilifurahi kuliko yeye.

Kujaribu, niliweka filamu ya wanyama na misitu. Kuingia chumba cha wanawake sikuweza tena, walikuwa wameshaketi, kwa hivyo nikauliza nikiwa upande wangu wa pazia: "Mnasikia?"

Mke wa Bare akajibu, "Tunasikia sana. Hata mvua inanyesha."

Nje kulikuwa na lori linaloelekea kusini, dereva ameshawasha injini. Modogashe kulikuwa na mwenye hoteli aliyetaka dishi. Nikaongeza sauti ya wufa kidogo, watu wanapenda, nikanawa mikono, nikaondoka. Nikiwaambia ukweli, sikuwa na haraka yoyote ya kazi. Nilikuwa na haraka ya barabara tu.

Siku ya nne nilikuwa juu ya paa la hoteli Modogashe nikikaza dishi. Lori la ng'ombe kutoka Elwak likasimama, dereva akaniita akiwa chini.

"Wewe ndiye fundi wa Bare?"

"Ndimi."

"Anasema rudi. Mama yake amekataa chakula siku ya pili leo."

"Mimi si daktari."

"Hata mimi nilimwambia hivyo. Anasema spika zako zimemficha Yusuf."

Nilimaliza dishi kwanza, nisiwadanganye. Nilijiambia huko ni mbali, nilijiambia wameharibu wenyewe, wamebonyeza rimoti ovyo. Sikuwahi kurudi kwenye kazi yangu yoyote, nilikuwa najisifu kwa hilo, nikidhani maana yake ni kwamba kazi zangu haziharibiki. Lakini neno la dereva lilinikwama. Spika inaweza kupasuka, inaweza kukoroma. Spika humfichaje mtu? Nadhani ni udadisi ulionirudisha kabla ya huruma. Alasiri nikapanda lori la mchele.

Ndani ya begi langu nilikuwa na kijitabu cha maelezo cha amplifaya ile. Vijitabu nilikuwa nikivichukua kwa sababu karatasi zake ni nzuri kufungia skrubu. Nilikisoma juu ya magunia, kwa Kiingereza changu cha darasa la sita, kidole kwenye kila neno. Kulikuwa na mchoro wa chumba na spika zake. Kwenye spika ya kati walikuwa wamechora mdomo. Kwenye spika mbili za nyuma walichora majani na matone ya maji.

Niliutazama mchoro ule mpaka lori likapita Habaswein. Mashine ile ilikuwa inachambua sauti. Maneno ya watu inayapeleka kati, mbele, chini ya televisheni. Nyuma inapeleka yaliyobaki: makofi, upepo, vyombo, mvua. Nilikuwa nimewapelekea wanawake wa nyumba ile mvua, nikamwacha Yusuf kwa wanaume.

Nilipofika Elwak, Bare alinipokea mlangoni. "Karibu, fundi wa mvua," akasema. Kisha upole ukamwishia, akanieleza kilichotokea.

Siku ya wageni, kila mtu alitazama nikaha, wanaume wakasifu picha. Nyuma ya pazia Ayeeyo alisikia makofi, sahani na viti. Akauliza, "Yusuf anasema lini?" Wakamwambia ameshasema. Akaomba irudishwe. Ikarudishwa, na mara ya tatu pia. Makofi, sahani, viti. Kesho yake wakamshika mkono wakamketisha mbele ya televisheni kabisa, na hapo sauti ikaja, nzito, ikitikisa sakafu kwa ile wufa niliyoiongeza. Akainuka.

"Aliniambia hivi," Bare akasema. "Jana hakuwa na sauti, leo ana sauti ya ngamia dume. Mmemtoa wapi mtu huyu?"

Na mama huyo alikuwa na sababu ya kushuku. Ndugu yake alipofariki Nairobi, watoto walimficha miezi mitatu kwa sababu ya presha yake, kila siku wakimwambia anaendelea vizuri. Aligundua kwa mtu baki, sokoni. Sasa simu ya Yusuf haipatikani, na watu wanamwambia ni mlingoti. Alikuwa ameshahesabu kwamba mwanawe amekufa, na kwamba wanamchezea maigizo ili asijue.

"Nimeapa mbele yake," Bare akasema. "Ananiambia hata mara ile uliapa."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, kavu kabisa. "Huyo ndiye aliyefunga? Mlete huku."

"Hooyo, mama, huko kuna wanawake."

"Wajifunike. Mimi ni nyanya yake. Mlete."

Nikaingia, mara ya kwanza wanawake wakiwemo, kwenye chumba nilichokifunga waya. Alikuwa ameketi kwenye kona, mwembamba, kikombe cha chai pembeni kimefanya ngozi juu. Nikataka kukaa mlangoni.

"Hapana. Hapa, nilipokuwa mimi."

Nikakaa ubavuni pake. Nikamwomba Bare acheze nikaha kama siku ya kwanza, bila kugusa kitu. Nikasikiliza. Makofi. Sahani. Kiti kinavutwa. Mtoto anakohoa, anakohoa tena. Kimya kirefu. Kisha watu wanacheka, wanapongeza. Ulikuwa ni ukumbi mzima wa watu walio hai, na katikati yake hakuna bwana harusi.

Nilikuwa nimejiandaa kumtuliza. Badala yake nikasema, "Ayeeyo, ni kweli. Hapa Yusuf hana sauti."

Bare akakohoa upande wa pili, akidhani nimemmaliza. Lakini yule mama aligeuza uso wake kwangu. "Wewe wa kwanza," akasema.

"Kosa ni langu. Ayeeyo, ukinywesha mifugo, ngamia unawapeleka birika moja na ndama birika lingine, sivyo?"

"Usinifundishe mifugo."

"Mashine hii inatenga sauti hivyo. Neno la mtu linaenda birika moja, kelele nyingine birika lingine. Mimi nimekuweka kwenye birika la kelele."

"Maneno mazuri," akasema. "Hata wao walikuwa na maneno mazuri."

Ningeweza kubonyeza kitufe kimoja. Kijitabu kilinionyesha: kipo kinachoziambia spika zote zitoe kitu kimoja, na ndicho ninachowaambia mkitumie mkiwa na vyumba viwili na pazia. Lakini kama ningekibonyeza, sauti ingetokea tena kutoka mahali asipopajua, kama siku ile walipomketisha mbele ya televisheni. Nikatoka, nikazima ile wufa kabisa. Nikang'oa spika ya kati chini ya televisheni, ndogo, ndefu kama kopo la majani ya chai lililolazwa. Nikaiunganisha na waya mrefu, nikapitisha chini ya pazia, nikaiweka mapajani mwake. Nikamshika mkono, nikaupitisha juu ya kitambaa cha spika, kisha kwenye waya, mpaka sakafuni.

"Hili ndilo birika la maneno. Zile za kona sijazigusa. Bare, anza."

Makofi kwenye kona. Sahani kwenye kona. Ayeeyo alikuwa ameinamisha kichwa, na midomo yake inacheza, na nikaona kwamba alikuwa anajua kila kelele kabla haijaja. Alikuwa ameisikiliza mara nyingi kuliko mtu yeyote. Kiti kinavutwa, kidole chake kikavuta. Mtoto anakohoa, kidole kikagonga. Anakohoa tena, kikagonga tena. Na pale palipokuwa na kimya, sauti ya kijana ikasema mapajani mwake, nyembamba, kama ya kwenye simu: nimekubali. Watu wakacheka kwenye kona.

Mke wa Bare alikuwa ameweka mtandio mdomoni.

"Rudisha," Ayeeyo akasema.

Bare akarudisha. Safari hii mama aliinua ile spika akaibandika sikioni, kama mtu anayepokea simu. Mtoto akakohoa mara mbili. Nimekubali. Akaishusha polepole, lakini hakuiachilia, mikono yote miwili juu yake.

"Ni yeye," akasema. Kisha, kwa wanawake: "Chai hii imepoa. Na hiyo nyama mnamwekea nani?"

Watu wakaanza kupita huku na huku, sufuria zikalia, Bare akaingia bila kubisha akakaa chini karibu na mama yake. Mama hakumtazama. Alikuwa anatafuna, na kati ya tonge na tonge aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyehudhuria nikaha: "Fundi, huyo mtoto amekohoa mara mbili kabla Yusuf hajakubali. Mbona mwanangu alikawia hivyo?"

"Sijui, Ayeeyo."

"Alisita," akasema. "Rudisha tena. Nataka kusikia alisita kwa nini."